Kemia isokaboni kwa shahada ya kwanza: uanze na jedwali, na nadharia, au na kisa?

Umepangiwa kozi ya kemia isokaboni, mwaka wa kwanza au wa pili, na mwongozo uliokabidhiwa una orodha ya mada: muundo wa atomu, vifungo, ulinganifu, kundi la 1 na la 2, kundi la 13 hadi la 18, metali za mpito, kompleksi (metali iliyozungukwa na molekuli au ioni zilizoshikamana nayo). Orodha haisemi uanzie wapi, wala mada ipi ibebe nyingine. Hapo ndipo wengi hukwama, hasa anayeipokea kozi kwa mara ya kwanza, slaidi za mtangulizi wake mkononi na muhula unaanza Jumatatu.

Tatizo hili linaisumbua isokaboni kuliko matawi mengine ya kemia. Kemia ya kaboni ina mpangilio wake unaojulikana, na kemia fizikia inashikwa na hesabu zake. Isokaboni ina elementi zaidi ya mia moja, kila moja na tabia zake, na mwalimu ndiye anayechagua uzi wa kuzifunga pamoja. Nyuzi zinazotumika sana ni tatu. Kuna anayepita jedwali la elementi kundi kwa kundi. Kuna anayeanza na nadharia, yaani ulinganifu, obitali za molekuli (maeneo ambamo elektroni hukaa) na uga wa fuwele (jinsi vinavyoizunguka ioni ya metali vinavyogawanya nishati za elektroni zake), kisha anazitumia elementi kama mifano. Na kuna anayeanza na kisa, kitu halisi kilichopo duniani, mgodi au dawa au kisima, halafu kemia inaingia kwa kadiri kisa kinavyoidai.

Ninavyoona mimi, tofauti kubwa kati ya njia hizi haiko kwenye mada zinazofundishwa, maana mwisho wa muhula mada zinakaribiana. Iko kwenye swali la kwanza ambalo mwanafunzi atajiuliza siku atakapokutana na kampaundi asiyoijua. Wa njia ya kwanza atauliza: jirani zake kwenye jedwali ni nani? Wa pili: ina umbo gani na elektroni zake zimekaa wapi? Wa tatu: inafanya kazi gani hapa, na nini kinaiwezesha? Yote ni maswali mazuri. Hayafai sehemu zilezile tu.

Vigezo

Nitaziangalia njia zote tatu kwa mambo yaleyale. Kwanza, mwanafunzi anatakiwa aje na nini. Darasa la ualimu wa sayansi lenye vijana wa PCM (fizikia, kemia, hisabati), PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia) si darasa moja, hata kama wamekaa ukumbi mmoja: wa PCM amesoma hesabu za juu miaka miwili, wenzake wengi wamesoma BAM, hisabati ya msingi tu. Pili, ukubwa wa darasa na idadi ya wasaidizi. Tatu, maabara. Nne, mtihani, kwa sababu vyuo vingi vya Tanzania hutoa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, na wanafunzi husoma kuelekea huko hata ukiwahubiria vipi. Tano, wahitimu wako wanakwenda wapi.

Na ili haki itendeke nitapitisha jaribio moja katika njia zote: salfeti ya shaba na amonia. Kila aliyefanya uchanganuzi wa chumvi sekondari analijua. Unadondosha amonia kwenye myeyusho wa buluu, yanatokea mashapo ya buluu hafifu. Unaongeza amonia, mashapo yanayeyuka na testityubu nzima inakuwa buluu iliyokolea. Mwanafunzi anaandika kwamba ioni ya shaba ipo, anaendelea na sampuli ya pili. Chuo kikuu kinamwongezea nini juu ya hapo?

Njia ya kwanza: kundi kwa kundi

*Inavyokwenda.* Hidrojeni, kisha kundi la 1, la 2, unavuka kwenda la 13, hadi gesi adimu, halafu metali za mpito. Kwa kila kundi unaeleza elementi zinapatikanaje, oksidi zake, halidi zake, umumunyifu wa chumvi zake, na mahali ambapo moja inawaasi wenzake.

Nguvu ya njia hii ni mielekeo na waasi wake. Lithiamu imo kundi la 1, lakini kabonati yake inavunjika ikipashwa joto na ikiungua hewani inatengeneza naitraidi, mambo ambayo ungeyatarajia kwa magnesiamu iliyo pembeni yake chini. Risasi inapenda +2 ilhali kaboni na silikoni za kundi lilelile zimezoea +4. Mwanafunzi aliyepita makundi kwa utulivu anaanza kutarajia kabla hujamwambia. Mfano wa nyumbani ninaoupenda ni Ziwa Magadi kule Kenya. Maji yenye chumvi mchanganyiko yanapokauka juani, kalisi inatangulia kujitenga kama kabonati isiyoyeyuka; sodiamu inabaki kwenye maji mpaka mwisho, na mwisho wake ni trona, kabonati na haidrojenikabonati ya sodiamu zilizoshikana na maji. Tofauti ya kundi la 1 na la 2 imelala pale chini, inachimbwa kwa mashine.

Shaba na amonia zikifika, zinafika na jirani zao. Zinki nayo inatoa mashapo na amonia, meupe, na yanayeyuka ukizidisha, lakini myeyusho haupati rangi. Kloridi ya fedha inayeyuka kwenye amonia, nayo bila rangi. Mwanafunzi anaona mwenyewe kwamba amonia inawapenda wote watatu, ila rangi ni ya shaba peke yake, na shaba yenye +2 ndiyo pekee hapo yenye obitali za d zisizojaa. Kwa nini hasa buluu, na kwa nini inakolea, njia hii haina jibu la kina. Inabidi useme "tutaeleza baadaye".

*Mahitaji ya mwanafunzi.* Madogo. Hesabu si nyingi, na mwanafunzi wa CBG hapotei. Anachohitaji ni kumbukumbu na nidhamu ya kupanga.

*Darasa na maabara.* Hii ndiyo njia pekee kati ya tatu inayovumilia ukumbi wa watu 300 na mhadhiri mmoja. Maabara yake ni chumvi za kawaida, asidi, besi na testityubu. Chuo kisicho na kifaa kinachozidi mizani na pH mita bado kitafanya praktiko zenye maana.

*Mtihani.* Hapa ndipo inapougua. Maswali ya "taja" na "eleza matumizi" ni rahisi kutunga na rahisi kusahihisha, kwa hiyo yanajirudia, na yakijirudia yanaingia kwenye madesa, yale makaratasi ya majibu yanayopokezanwa. Baada ya mihula michache mwanafunzi hahitaji kuja darasani. Dawa yake ni kuuliza kuhusu elementi ambayo hukuifundisha. Waulize radiamu: haidroksidi yake itayeyuka kuliko ya bari au la? Na salfeti yake? Mielekeo hiyo miwili ya kundi la 2 inakwenda kinyume, haidroksidi zinazidi kuyeyuka kadiri unavyoshuka na salfeti zinapungua, kwa hiyo aliyekariri sentensi moja atakosa nusu ya swali.

Lawama nyingine ni ya muda: metali za mpito zinafika wiki ya 13, mwalimu kachoka, wanafunzi wanawaza mitihani. Lawama ni ya kweli, ila mara nyingi kosa ni kugawa muda sawasawa kwa kila kundi. Chagua makundi matatu uyachimbe, mengine wayasome wenyewe kwa kiolezo ulichowaonyesha.

*Inamfaa nani.* Mwalimu mtarajiwa wa sekondari kabla ya wote, kwa sababu mtaala atakaofundisha umepangwa kwa namna inayofanana na hii. Pia fundi wa maabara ya uchambuzi, ambaye kazi yake ya kila siku ni kujua nini kinatoa mashapo na nini.

Njia ya pili: nadharia kwanza

*Inavyokwenda.* Wiki za mwanzo ni ulinganifu: mhimili, bapa, kitovu cha mgeuko, kisha makundi ya nukta (aina za ulinganifu wa molekuli) na majedwali ya karakta (majedwali ya namba yanayofupisha kila aina). Halafu obitali za molekuli, halafu uga wa fuwele, wazo la Hans Bethe la mwaka 1929, na kuanzia hapo elementi zinaingia kama ushahidi.

Turudi kwenye testityubu yetu, maana hapa inafunguka kweli. Ioni ya Cu²⁺ ina elektroni tisa kwenye obitali za d. Ikizungukwa na maji sita, obitali tano za d zinagawanyika mbili juu na tatu chini, na elektroni tisa haziwezi kukaa sawasawa kwenye zile mbili za juu. Oktahedroni haiwezi kubaki kamili: ligandi mbili (ligandi ni zile molekuli zinazoizunguka ioni) zinasukumwa mbali, nne zinabaki karibu, kama walivyoonyesha Jahn na Teller mwaka 1937. Sasa leta amonia. Inazivuta obitali zile mbali zaidi kuliko maji. Myeyusho wa maji matupu unafyonza nuru kwenye nanomita 800 hivi, mkiani kabisa mwa nyekundu, ndiyo maana buluu yake ni hafifu. Wa amonia unafyonza karibu na 600, katikati ya njano na machungwa, na kinachobaki machoni ni buluu nzito. Na kuna la ziada ambalo sekondari hawalisemi: amonia nne zinaingia kwa urahisi, ya tano na ya sita zinasumbua, kwa sababu zile nafasi mbili ndizo zilizosukumwa mbali. Jaribio lilelile, lakini sasa mwanafunzi anaweza kubashiri nikeli itafanyaje kabla hajaifungua chupa.

Tanzanaiti ni mfano mwingine mzuri wa njia hii. Ni madini ya zoisaiti yenye vanadi kidogo iliyoketi mahali pa alumini, na ukiigeuza mkononi inaonyesha rangi tatu tofauti kwa pande tatu. Kitu chenye ulinganifu mkubwa hakifanyi hivyo. Waambie wanafunzi wakuambie, kwa rangi peke yake, kama mahali pa vanadi panaweza kuwa oktahedroni kamili.

*Mahitaji ya mwanafunzi.* Watu husema njia hii ni ya vijana wa PCM. Nusu ni kweli. Majedwali ya karakta yanatisha, lakini ulinganifu wenyewe unadai mikono na macho kuliko hesabu. Kijana wa PCB akiwa na mirija ya soda na plastisini, akaunda oktahedroni na kuizungusha, atahesabu mihimili vizuri kama mwenzake. Aliyeachwa na ubao peke yake atapotea hata kama ni wa PCM. Sharti lisiloepukika ni jingine: ratiba. Kama kwanta, nadharia ya mwenendo wa elektroni, inafundishwa kwenye kemia fizikia muhula unaofuata, unaongea obitali na watu ambao bado hawajaambiwa obitali ni nini. Kamuulize mhadhiri wa kemia fizikia kabla hujaandika wiki ya kwanza.

*Darasa na maabara.* Vikundi vya mafunzo vya watu 25 au 30, si zaidi. Ukiwa na 300 bila wasaidizi, nadharia inageuka chaki na ukimya. Kemikali si nyingi. Spektrofotomita moja ya nuru ya kawaida inatosha kwa praktiko nzuri ya shaba, nikeli na kobalti. Programu ya bure kama Avogadro inasaidia kuona molekuli, pale ambapo kompyuta zipo na umeme haukatiki.

*Mtihani.* Ni vigumu kudesa, lakini kuna kukariri kwa aina yake: mwanafunzi anafuata hesabu za majedwali ya karakta hatua kwa hatua, anapata jibu sahihi, na hajui jibu hilo linasema nini. Swali zuri linaunganisha. Mpe kampaundi mbili za platini, kila moja na amonia mbili na klorini mbili, moja klorini zikiwa upande mmoja, nyingine zikikabiliana. Mwulize ipi itaonyesha mistari miwili ya mtikisiko wa platini na klorini kwenye infraredi na ipi mmoja. Ya upande mmoja ina miwili, ya kukabiliana ina mmoja, na anayeweza kueleza kwa nini amekuelewa. Libaki swali la karatasi, kwa sababu mashine nyingi za infraredi za kufundishia huishia 400 kwa sentimita na mistari hiyo iko chini ya hapo.

Hatari yake kubwa ni mhitimu asiyejua vitu. Si ajabu kumkuta kijana anayechora mgawanyiko wa obitali za d bila kosa, lakini ukimpa chupa ya chumvi ya kijani isiyo na lebo, nikeli haimjii akilini.

*Inamfaa nani.* Anayelenga shahada ya uzamili, kemia ya vitu imara, katalisti, spektroskopia. Pia programu ndogo yenye wanafunzi waliochagua kemia kwa mapenzi, si kwa kupangiwa.

Njia ya tatu: kisa kwanza

*Inavyokwenda.* Unachukua visa vinne au vitano kwa muhula. Sharti ni moja, na ndilo linalovunjwa mara nyingi: kisa lazima kibebe kemia. Picha ya mgodi kwenye slaidi ya kwanza na kisha mhadhara uleule wa zamani ni pambo tu.

Chukua dhahabu ya Kanda ya Ziwa. Wanafunzi wengi wametoka huko au wana ndugu anayechenjua marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa. Swali la wiki: dhahabu haishiki kutu, sasa inayeyukaje kwenye bwawa la sianidi na hewa? Wape namba. Uwezo wa elektrodi (kipimo cha nguvu ya kuvuta elektroni) wa Au⁺ kurudi kuwa dhahabu ni volti +1.69 hivi. Oksijeni kwenye maji ya besi ina +0.40 tu, kwa hiyo haiwezi kuigusa dhahabu. Pete ya bibi imeng'aa miaka hamsini kwa sababu hiyo. Sasa weka sianidi. Kompleksi ya dhahabu na sianidi mbili ina uthabiti mkubwa mno, log β yake (logi ya kigezo cha uthabiti) ni karibu 38. Zidisha 38 kwa 0.059, volti kwa kila kipeo cha kumi, toa kwenye 1.69. Kinachobaki ni takriban −0.55. Oksijeni yenye +0.40 sasa inashinda bila jasho. Hesabu ya mistari mitatu, na mwanafunzi ameona ligandi ikigeuza metali isiyoshika kutu kuwa kitu kinachooksidishwa na hewa ya kawaida. Mchakato huo ulipewa hataza mwaka 1887 huko Glasgow, na mpaka leo ndio unaotawala.

Kisa hakijaisha. Kwa nini wanamwaga chokaa? Kwa sababu asidi ya sianidi ina pKa (pH ambapo nusu yake imepoteza protoni) ya 9.2, na pH ikishuka chini ya 10 gesi ya sumu inaanza kuondoka bwawani pamoja na hela za mwenye plenti. Kwa nini mawe yenye shaba yanachukiwa? Kwa sababu shaba nayo inashikana na sianidi na kuila kabla dhahabu haijapata. Na hapa testityubu yetu inarudi: kuna michakato ya mawe ya dhahabu na shaba ambamo amonia huongezwa makusudi, ishughulike na shaba ili sianidi ibaki kwa dhahabu. Lile jaribio la sekondari limepata kazi ya kulipwa.

Visa vingine vinavyobeba uzito: floridi kwenye maji ya maeneo ya Arusha, kikomo cha Shirika la Afya Duniani kikiwa miligramu 1.5 kwa lita, na chujio la mkaa wa mifupa ambamo floridi inachukua nafasi ya haidroksidi kwenye fosfeti ya kalisi. Sisplatini, ambayo Barnett Rosenberg alikutana na athari yake kwa bakteria mwaka 1965 na ikaidhinishwa Marekani kama dawa ya kansa mwaka 1978, ambamo kuipata ya upande mmoja badala ya ya kukabiliana kunategemea unaanza na platini ipi. Kisa si lazima kiwe cha viwandani. Neil Bartlett, mwaka 1962, aliona kwamba molekuli ya oksijeni na atomu ya zenoni zinadai nishati karibu sawa kupoteza elektroni ya kwanza. Kwa kuwa alishaing'oa ya oksijeni kwa floridi ya platini, akajaribu zenoni. Gesi adimu zikaacha kuitwa zisizotenda.

*Mahitaji ya mwanafunzi.* Hesabu za kidato cha sita zinatosha. Kinachohitajika ni ujasiri wa kuongea. Vikundi vitajadili kwa Kiswahili, mara nyingine kwa moto kabisa, halafu ripoti itakiwe kwa Kiingereza, na nusu ya mjadala ipotee njiani. Waruhusu wakuelezee kwanza kwa mdomo kwa lugha waliyojadilia. Utaona walichoelewa kabla sarufi haijakificha.

*Darasa na maabara.* Vikundi vya watu sita, na mtu wa kuzunguka. Watu 60 na msaidizi mmoja inawezekana. Watu 300, hapana, ila unaweza kuendesha kisa kimoja kwa ukumbi mzima kama mhadhara wenye maswali. Sianidi haiingii kwenye maabara ya wanafunzi, hilo halina mjadala. Kanuni ileile utaionyesha kwa kloridi ya fedha na thayosalfeti: mashapo meupe yanatoweka, na hakuna anayeumia. Gharama kubwa ya njia hii ni usiku wa mwalimu. Kisa kimoja kizuri kinakula maandalizi ya mihadhara kadhaa mara ya kwanza; mara ya pili kinakuwa chepesi.

*Mtihani.* Ni mgumu kutunga na mgumu zaidi kusahihisha, kwa sababu majibu sahihi yanatofautiana. Mtahini wa nje atauliza silabasi imefunikwa wapi, na atakuwa na haki: mada isiyo na kisa huachwa. Boroni huachwa karibu kila mara. Tengeneza jedwali linaloonyesha kila mada ya mwongozo imeguswa na kisa kipi, ulikabidhi pamoja na mtihani.

*Inamfaa nani.* Wanaokwenda migodini, mamlaka za maji, viwandani, mazingira. Pia darasa la watu wazima waliotoka kazini kuja kusoma, ambao wanajua mchakato na wanatafuta sababu.

Kuhusu kuchanganya

Jibu linalokuja haraka ni kuchanganya zote: wiki tano kundi kwa kundi, tano nadharia, tano visa. Silipendi. Mielekeo ya jedwali haijaonekana ndani ya wiki tano, na nadharia ndiyo kwanza imemaliza majedwali ya karakta inapokatwa. Chagua uzi mmoja ubebe muhula, na nyingine mbili ziutembelee. Kozi ya kundi kwa kundi inapata uhai ukiweka kisa kimoja katikati, pale wanafunzi wanapoanza kusinzia. Kozi ya nadharia inapona ukianza kila wiki na chupa moja isiyo na lebo, dakika kumi, wabashiri kwa macho. Kozi ya visa inahitaji saa moja ya jedwali kila baada ya kisa: elementi tulizokutana nazo zimekaa wapi, na jirani zake wangefanyaje?

Kwa hali yako

Una ukumbi uliojaa, wengi ni walimu watarajiwa, maabara ni ya testityubu. Kundi kwa kundi, kwa makundi machache yaliyochimbwa, na maswali ya mtihani kuhusu elementi ambazo hukuzifundisha.

Una darasa dogo la shahada ya kemia, kwanta imeshafundishwa, na kuna spektrofotomita inayofanya kazi. Nadharia kwanza. Kama kwanta inakuja baadaye, ahirisha ulinganifu hadi mwaka wa tatu uanze na jedwali. Hakuna aibu katika hilo.

Programu yako ni ya uhandisi wa madini, maji au mazingira, na kemia isokaboni ni kozi yao moja tu ya maisha. Visa. Hawatarudi kwako kuchukua nadharia, na mielekeo ya kundi la 16 wataisahau kabla ya mafunzo kwa vitendo.

Una darasa mchanganyiko, PCM upande huu, CBG upande ule, na huwezi kuligawa. Visa au kundi kwa kundi, kutegemea una wasaidizi au huna. Ukilazimika kufundisha nadharia humo, nunua mirija kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Ndiyo kwanza unaanza kufundisha, na umepewa kozi nyingine mbili juu ya hii. Pita na jedwali mwaka huu, andaa kisa kimoja tu kwa ukamilifu, na mwaka ujao ongeza cha pili. Visa vitano kwa mpigo vitakumaliza.

Na kama mtihani wa mwisho hautungi wewe, unatoka kwenye benki ya maswali ya idara, usiende kinyume nao kwa mihadhara. Fundisha kwa njia ambayo mtihani unaipima, halafu tumia zile alama 40 za kazi za muhula, ambazo ziko mikononi mwako, kwa kisa au chupa isiyo na lebo. Peleka maswali mawili ya aina hiyo kwenye kikao cha idara muhula unaofuata, pamoja na mwongozo wa kusahihishia.